Bwana Afya na Wasafiri wa Ng'ambo

Mtu wa Korogwe aliyepata safari ya ng'ambo miaka ile ya baada ya uhuru alikuwa hafungi sanduku kabla ya kupita kwa Bwana Afya. Awe kijana aliyepata nafasi ya masomo katika nchi za baridi, awe mzee anayekwenda kuhiji Makka, wote walikaa kwenye benchi lilelile nje ya ofisi yake nyuma ya hospitali, wakakunja mikono ya mashati na kungoja kuitwa. Yeye ndiye aliyechanja ndui, na yeye ndiye aliyechoma sindano ya kipindupindu. Sindano ya homa ya manjano ilipatikana Tanga, lakini hata huko ni yeye aliyewaelekeza waende lini, wale nini kabla ya kuondoka, na mkono ukivimba wafanye nini.

Jina lake halisi walilijua watu wa mishahara. Sisi wengine tulimwita Bwana Afya, na mkewe pia alimwita hivyo mbele za wageni. Alikuwa mrefu, mwenye kaptula ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi na soksi zilizofika chini ya magoti. Sauti yake haikulingana na mwili wake. Ilikuwa ndogo, yenye lafudhi ya milimani, na ukitaka kumsikia ilibidi usogee.

"Safari ni tumbo," alikuwa akiwaambia wasafiri. Kwa maelezo yake, watu hujiandaa kwa nguo, kwa picha na kwa dua, wakasahau kwamba mtu akifika ugenini kitu cha kwanza kumsaliti ni tumbo lake. Aliwafundisha wazee namna ya kuchanganya chumvi na sukari katika maji yaliyochemshwa. Aliwaambia wasile matunda yaliyokwisha kumenywa na mtu mwingine. Aliwaonya wasikune kidonda cha chanjo, maana mkono ukitoka hapo ukagusa jicho, jicho litajuta. Akimaliza humwuliza msafiri arudie aliyoyasikia. Asiyeweza kurudia alirudishwa kwenye benchi, hata kama ni mtu mwenye cheo. Niliwahi kumwona mheshimiwa mmoja wa wilaya akikaa pale na kofia yake mapajani, akinong'ona mambo ya chumvi na sukari kama mtoto anayehifadhi sura.

Mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi. Alikofika mbali kabisa ni Dar es Salaam kwenye mafunzo, akarudi akilalamikia joto. Lakini mambo ya Jidda na Mina aliyajua kama mtu anayekwenda huko kila mwaka, kwa kuwa kila haji aliporudi yeye alikuwa miongoni mwa wageni wa mwanzo. Wenzake walikuja kuombewa dua na kuonja maji ya Zamzamu. Yeye alikuja kuuliza habari za vyoo: viko umbali gani na mahema, maji ya kunywa yanatoka upande gani, mgonjwa akizidiwa anapelekwa wapi. Haji mmoja wa Mkumbara alimwambia, nusu kwa utani, kwamba yeye ameiona nyumba ya Mungu na sasa anaulizwa choo. Bwana Afya akajibu kwa upole kwamba habari za nyumba ya Mungu atazisikia kwa wengi, ila za choo hakuna atakayemwambia, na mwakani kuna mama zetu wanakwenda.

Ilistaajabisha kidogo, maana alikuwa Mkristo. Kila Jumapili alikwenda kanisani na suti moja ya rangi ya majivu. Walikuwepo walionung'unika kwamba safari ya Waislamu haiwezi kupimwa na mtu asiyejua kibla iko wapi. Lakini alikuwa anajua. Mwezi wa mfungo hakumwita mzee yeyote kuchanjwa mchana, na mwanamke hakumkunja mkono wa nguo mwenyewe. Alimwita muuguzi wa kike afanye, naye akageuza uso mpaka aambiwe tayari.

Hata wafugaji wa nyanda kavu za Handeni alizungumza nao akaeleweka. Mzee mmoja alimleta mwanawe aliyechaguliwa kwenda kusomea udaktari wa mifugo nchi ya mbali. Kijana alikuwa tayari, baba ndiye hakutaka. Alisema mtoto wake si mgonjwa, kwa hiyo sindano ya nini. Bwana Afya akamwuliza kama ng'ombe wake walichanjwa sotoka. Walichanjwa. Walikuwa wagonjwa siku hiyo? Hawakuwa. Mzee akatabasamu, akasema ng'ombe akichanjwa hutiwa alama, sasa mwanawe atatiwa alama gani. Bwana Afya akapandisha mkono wa shati lake, akamwonyesha kovu la ndui begani, la duara, lililobonyea. Mzee akaligusa kwa kidole gumba, akamwashiria mwanawe akae.

Ukitaka kumjua vizuri ilibidi umwone msibani. Mtu huyu alipita nyumba hadi nyumba akichungulia mitungi, akiuliza kama maji yamechemka, na hakuogopa kuyamwaga yasiyochemka mbele ya mwenyewe. Lakini akienda mazikoni kwa Wazigua wa Handeni, akipewa kata ya maji ya bwawa, mekundu kama chai, aliyanywa mpaka mwisho. Niliwahi kumwuliza, nilipokuwa mwalimu wa shule ya Makuyuni naye akija kukagua vyoo na kucha za watoto. Alinijibu kwamba maji ya msiba hayakataliwi. Nikasema basi naye atakuwa anaugua. Akasema, "Naugua, mwalimu. Naugua kila msiba." Hakuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Au aliona, akaamua kuyabeba yote.

Mimi nilimjua hivyo, kwa kazi, mpaka baba yangu alipopata nafasi ya kuhiji.

Baba alifanya kazi kwenye mkonge wa Ngombezi tangu ujana wake, katika chumba cha brashi, ambako nyuzi zilizokauka husafishwa na vumbi lake likajaa hewani kama ukungu wa asubuhi. Alipoacha kazi akaja kulima Makuyuni, kikohozi alikuja nacho. Usiku tulimsikia, mchana tulijifanya hatukusikia. Hija ilikuwa neno lake la kila siku. Mwaka jina lake lilipopita, alivaa kanzu siku ya kazi.

Nilimsindikiza ofisini. Bwana Afya alikuwa na desturi moja na mahujaji: alitembea nao. Alisema hija ni miguu, basi na aione miguu. Alikwenda nao kutoka hospitali mpaka stesheni ya reli, wakizungumza habari za mvua na mahindi, kisha wakarudi. Baba hakufika stesheni. Kwenye maduka ya Wahindi alisimama, akashika nguzo, halafu akakaa barazani. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.  Bwana Afya alikaa naye pale barazani akitazama watu wanaopita, kana kwamba wote wawili wamechagua kupumzika. Ofisini ndipo alipozungumza.

"Mzee wangu, mimi nikiulizwa nitasema usiende. Kifua hiki kitakushinda kule. Masheikh wenu wameniambia, dini inakuruhusu umtume mtu mwingine akuhijie."

Baba alikuwa bado anatafuta pumzi. Akauliza, "Nikibaki Makuyuni, kifua hiki kitapona?"

"Hapana, mzee."

"Basi usinizuie kwa ajili ya kitu ambacho huwezi kunipa."

 Mganga wa hospitali ndiye aliyetia sahihi vyeti vya wasafiri, lakini kila mtu alijua kwamba hatii sahihi bila kumwuliza Bwana Afya. Neno lake lingetosha kumrudisha baba nyumbani. Nilimwona akimtazama mzee, kisha akitazama dirishani. Baadaye akavuta kiti karibu, akaukunja mwenyewe mkono wa kanzu ya baba, akamchanja.

Tangu siku hiyo alimwandaa kuliko alivyomwandaa mtu yeyote. Jioni alikuja Makuyuni na baiskeli, akamtembeza baba kwenye njia ya mashambani, leo mpaka mfereji, kesho kupita mfereji. Alimfundisha kuinama na kushika magoti pumzi inapokata, badala ya kuhangaika. Alimtafutia dawa za kifua za kubeba. Akamwita Mzee Mhando, jirani yetu aliyekuwa anakwenda safari hiyohiyo, akamweleza kila kitu na kumkabidhi baba kama mtu anavyokabidhi mtoto. Mama mwanzoni hakumpenda. Alisema mtu huyu anamchosha mgonjwa. Baada ya muda alianza kumwekea chakula, na Bwana Afya alikula pale pamoja na baba sahani moja, akiuliza kwanza kama maji ya kunawa ni safi.

Baba alifika Makka. Aliizunguka Kaaba akiwa amebebwa juu ya machela, kisha akapelekwa hospitali, akafia huko kabla ya siku ya Arafa. Alizikwa hukohuko. Habari ilipofika, watu walikuja nyumbani kwetu kutupa pole na hongera kwa pamoja, maana kwa Mwislamu kuzikwa katika ardhi ile ni heri kubwa. Mama alipokea pole. Hongera aliziacha zipite. Alichotaka yeye ni kaburi la kwenda kupalilia.

Kaka yangu Athumani alikuja kutoka Tanga, alikokuwa akifanya kazi bandarini. Nilipomweleza habari za baraza la maduka ya Wahindi, hakungoja nimalize. Alikwenda ofisini kwa Bwana Afya nami nikamfuata, nikiogopa angempiga. Hakumpiga. Alimwuliza maswali mawili tu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukamwacha aende?"

"Nilimwacha."

Athumani akatoka. Baada ya hapo alisema sokoni, msikitini na kwenye vijiwe vya kahawa kwamba mtu yule alimpeleka baba yetu kufa, na kama angekuwa baba yake mwenyewe asingemruhusu. Wengine walimkanya, wengine waliongeza chumvi. Siku ya khitma Bwana Afya alikuja, akakaa pembeni ya mkeka, karibu na viatu. Athumani aliwaambia wanaoandaa chakula wamruke. Mama akasikia. Alichukua sahani mwenyewe, akapita katikati ya wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote, akaiweka mbele ya Bwana Afya. Alikula kidogo, akashukuru, akaondoka.

Tangu hapo alibadilika. Nilimwona kwa macho yangu, kwa kuwa kazi iliendelea kutukutanisha. Mahujaji aliokuwa na shaka nao kidogo tu aliwazuia. Aliyekuwa na miguu iliyovimba alirudi nyumbani. Aliyewahi kuzirai, hata ikiwa ni zamani, alirudi nyumbani. Alikuwa akisema "hapana" haraka, kabla mtu hajapata nafasi ya kumwambia neno la kumlainisha, na akishasema huinuka na kutoka nje.

Mmoja wa aliowazuia ni Bi Mwanahawa wa Handeni, mama mnene, mchangamfu, aliyeuza mikeka sokoni. Alikwenda naye stesheni na kurudi bila kusimama. Lakini aliporudi alisema moyo unamdunda, kama mtu yeyote mwenye umri ule angesema. Bwana Afya akamwambia hapana. Mwanawe wa kiume aliyekuwa aende naye alikwenda peke yake. Mwaka uliofuata mwana huyo akafariki kwa ajali ya lori, na Bi Mwanahawa hakuwa tena na maharimu, ndugu wa kiume wa kumpeleka. Safari yake ikafia hapo.

Yeye mwenyewe hakufa. Moyo uliodunda uliendelea kudunda vizuri. Ikawa kila Bwana Afya akipita sokoni humwamkia, kwa kuwa mama alimzidi umri, na mama humjibu jibu lilelile kila mara, kwa sauti ya kawaida, bila kuinua macho kwenye mkeka anaousuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bado nipo hai."

Wauza nyanya walicheka mwanzoni. Baadaye hawakucheka tena. Bwana Afya angeweza kupita njia nyingine, soko lile lina njia nyingi. Hakupita nyingine. Miaka ilikwenda, akamwamkia, naye akajibiwa.

Halafu kikaja kipindi cha kuhamia vijijini. Watu wa Handeni waliokuwa wametawanyika mashambani walitakiwa wakae pamoja, na Bwana Afya alitumwa kupima mahali pa vyoo na visima. Kijiji kimoja alikataa kukipima. Aliwaambia viongozi kwamba pale hakuna maji, na watu wengi bila maji ni maradhi yanayongoja siku yake. Wakamjibu kwamba anawarudisha watu nyuma. Nilidhani angeshikilia neno lake kama alivyolishikilia mbele ya mahujaji. Hakulishikilia. Alipigilia vigingi vyake akarudi Korogwe. Masika ya kwanza kipindupindu kikaingia kijijini na watoto wakazikwa. Yeye ndiye aliyepelekwa kuwachanja waliobaki. Dereva aliyempeleka alinisimulia kwamba alifanya kazi ile mpaka jua likazama bila kuzungumza na mtu, na akina mama walikunja mikono ya nguo za watoto wao mbele yake bila kuulizwa.

Nadhani ndipo alipochoka. Alikuwa amesema ndiyo mtu akafa. Alikuwa amesema hapana, mtu akaishi na uchungu. Na pale aliposema kweli hakuwa na nguvu ya kuisimamia. Baada ya muda si mrefu alistaafu, akahamia Mkumbara, kwenye shamba dogo kando ya barabara ya Moshi, chini ya milima ya kwao.

Sikumwona tena kwa miaka kadhaa. Athumani hakumsamehe, na mama alikwisha kufariki. Kisha nami nikapata safari. Walimu wachache tulichaguliwa kwenda kusoma ng'ambo, nchi ya theluji, nami nilikuwa mmoja wao. Ofisini Korogwe nilimkuta Bwana Afya mwingine, kijana mwema, aliyenipa karatasi na kunielekeza Tanga. Sikukunjwa mkono wa nguo wala sikuulizwa kurudia chochote. Nikaona siwezi kuondoka hivyo. Nilipanda basi mpaka Mkumbara.

Nilimkuta anapalilia mihogo. Alikuwa amekonda, kaptula imekuwa suruali kuukuu, lakini sauti ilikuwa ileile. Tulikaa nyuma ya nyumba, mkewe akatuletea chai. Alikuwa amesikia redioni kwamba ndui imekwisha duniani na watu hawachanjwi tena. Aliniuliza kama ni kweli. Nikasema ndiyo. Akasema ni habari njema, na akaonekana kama mtu aliyerudishiwa ndoo baada ya moto kuzimika.

Nilimweleza safari yangu, nikamwomba ushauri. Akatikisa kichwa. Alisema siku hizi hashauri watu. Nikaona nisimsukume. Tulizungumza habari za shule, za mvua, za Athumani. Chai ilipokwisha, akaniambia kuna jambo hakuwahi kuniuliza.

"Baba yako alipokuwa hospitalini kule, alinitaja?"

Mzee Mhando alikuwa amenieleza mimi peke yangu. Hakutaka mama asikie, na yeye alimwogopa Athumani. Asubuhi ile ya mwisho, baba aliposhindwa kabisa kuvuta pumzi, alimshika Mhando mkono, akasema: "Bwana Afya aliniambia." Hakusema tena jambo jingine. Nilikuwa nimelibeba neno hilo kwa miaka yote, na sasa mwenye neno alikuwa mbele yangu. Nikamwambia.

Alilirudia polepole. "Aliniambia." Kisha akauliza, "Alisema kwa sauti gani?"

"Sijui, baba. Mzee Mhando alinieleza maneno tu."

"Na Mhando yuko wapi?"

"Alifariki mwaka juzi."

Lori la mkonge lilipita barabarani, tukangoja kelele yake iishe. Alisema huenda mzee alikuwa anamlaumu, kwamba mtu aliyejua vile asingemwacha aondoke. Na huenda alikuwa anataka watu wajue kwamba alikwisha kuonywa, asilaumiwe mtu. Maneno ni yaleyale. Akanigeukia.

"Wewe unayasikiaje?"

Nilitaka kumpa jibu la kumpumzisha. Alikuwa mzee, na mkewe alikuwa amesimama mlangoni akinitazama kwa macho ya kuomba. Lakini sikuweza kumdanganya mtu ambaye baba alimwuliza swali gumu kuliko hilo, naye hakumdanganya. Nikamwambia kwamba zamani nilisikia lawama. Mama alipofariki nikaanza kusikia kitu kingine. Na zipo siku ambazo nayasikia yote mawili kabla sijamaliza kupika.

Aliinamisha kichwa.  Alikaa akisugua udongo uliokauka viganjani mwake, muda mrefu, mpaka nikadhani amesahau kwamba nipo. Nikainuka kuaga, basi la kurudi lilikuwa karibu kupita.

Akasimama na kunisindikiza mpaka barabarani. Basi lilipoonekana kwenye kona ndipo alipoanza kuzungumza, kwa haraka, nami nikasogea ili nimsikie. Alisema huko kwenye baridi watu hawasikii kiu, kwa hiyo ninywe maji hata nisipoyatamani. Alisema nisivae viatu vyenye unyevu hata siku moja. Homa ikinishika nisingoje, niwaambie madaktari wa huko kwamba natoka kwenye malaria, maana wao wataiona wadhani ni mafua. Alinifanya nirudie hilo la malaria. Nikarudia.

Basi likasimama. Nikiwa na mguu mmoja kwenye ngazi, alinishika mkono.

"Hayo ni maoni yangu tu," alisema. "Uliza na mwingine."

Niliahidi kwamba nitauliza. Sikumwuliza mtu mwingine.